Msimwambie Nimesafiri

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia aguswe na mwenzake, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Cherehani yangu aichukue kitinda mimba, ndiye aliyeurithi mkono wangu. Nyumba ni yenu nyote, lakini haiuzwi, wala chumba cha uani hakipangishwi, maadamu mjomba wenu yu hai. Mkubwa, naona unavyotazama chini. Niliwasikia wewe na mkeo jikoni mkisema apelekwe kwenye kituo cha kulelea watu. Nisikilize kwanza.

Siku hizi hali yake madaktari wanaiita usonji. Sisi hatukuwa na jina hilo. Majirani walimwita Bubu, ingawa maneno alikuwa nayo, akiyatoa kama mtu anayechota kisima cha kiangazi. Alipanga vifungo vya mama sakafuni kwa rangi zake, na mtoto wa watu akigusa kimoja, yowe lilifika barabarani. Wenzangu wakaacha kuja. Nilikua na ndugu ubavuni bila wa kucheza naye. Nikimwita hageuki, nikilia hanitazami. Upweke wa kukaa peke yako una dawa, wanangu; wa kukaa na mtu ndio mzito. Baba yetu mdogo alitaka afungiwe stoo kila wageni wakija. Nilimchukia mpaka tukamzika. Leo namwachilia, nanyi kinyongo hicho msikirithi.

Mama alipofariki, huyo huyo baba mdogo, kwa huruma tuseme, akamwambia ndugu yangu kwamba mama amesafiri. Ndugu yangu akachukua viatu vya mama, akavipangusa, akakaa navyo mlangoni, jua lake, mvua yake. Chakula hagusi. Akisikia hatua anainuka. Akiona si yeye, anakaa. Watu wakanong'ona kwamba yule hajui msiba. Mimi, msichana tu, nikaketi kando yake, si karibu sana, nikamwambia, "Mama amekufa. Harudi."

Akauliza, "Na viatu?"

"Vinabaki kwetu."

Akaviingiza ndani, akala. Kisha akaja akaegemeza bega lake kwenye langu. Hakuwahi kufanya hivyo kabla, na hajarudia. Mja hula alichojaaliwa. Mimi nimelila bega hilo mpaka uzee huu.

Basi nikifa, msimwambie nimesafiri, wala nimelala, wala nimepumzika. Mwambieni nimekufa, kwa sauti ya chini, na msimshike. Hatalia. Anayeona kwamba hana machozi asidhani hana uchungu. Mkubwa, utakayemwambia ni wewe, na ukishasema, usiondoke. Keti hapo hapo, hata asipokutazama.

Niinueni kidogo... maji. Basi, yametosha.

Mungu awape riziki ya halali, awape watoto wenye kuwasikiliza, na siku yenu ngumu ikifika, asiwanyime mtu wa kuwaambia ukweli. Sasa... fungueni huo mlango. Yuko nje, nasikia anavyokwaruza ukuta kwa ukucha. Akitaka kuingia, aingie. Asipotaka... mwacheni asimame. Mlango tu... msiufunge.