Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya watatu, wa kike peke yake. Wasifu ulioandaliwa na kaka mkubwa ulisema "aliugua kwa muda mfupi kisha akafariki." Mdogo wao, anayesoma hapa, ameuchana. Marehemu alikuwa na kifafa tangu akiwa na miaka minane. Wanaoguna na waendelee kuguna.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1992. Alipoanguka darasani walimhamishia dawati la nyuma, peke yake, eti asiwaambukize wenzake. Hakuna aliyeambukizwa, na wala hakuna aliyemwomba radhi. Huko nyuma ndiko alikozipenda hesabu, nazo zikamfikisha chuo kikuu.

Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi katika maabara ya chuo, chumba chenye kompyuta nne na feni mbovu. Ndani ya kompyuta hizo aliunda mitandao ya seli za ubongo za kubuni, achunguze jinsi mdundo unavyozaliwa humo, unavyopanda na kufifia wenyewe. Ndugu walipomuuliza ni kazi gani hiyo, aliwaketisha watoto mezani. Wa upande mmoja wapige meza, kila mmoja akichochewa na jirani yake. Wa upande wa pili, kelele zikizidi, waseme "shii!" mpaka wenzao wapoe; kukiwa kimya, nao waache, meza ipigwe tena. Haikuchukua muda, meza ikawa inadunda na kutulia, inadunda na kutulia.

"Kiongozi wenu nani?"

"Hakuna, shangazi!"

"Na kichwani ni hivyohivyo. Sasa hawa wa kutuliza wakizidiwa, wote watapiga kwa pamoja bila kukoma. Hapo ndipo mimi huanguka. Hayo mashetani mnayosema hunikumba, mnayatoa wapi?"

Mwaka 2008 aliolewa na fundi friji. Aliambiwa afiche ugonjwa hadi ndoa ipite. Akausema siku ya kwanza. Fundi akajibu, "Basi nifundishe nikulaze vipi ukianguka." Alifundishwa, na waliishi vizuri.

Tarehe 14 Juni 2024 wageni walifika kwa kaka mkubwa kumposa binti wa mdogo wao, na marehemu alikuwa amekuja kuwapokea. Kaka mkubwa aliona kopo la dawa za marehemu mezani sebuleni, akalifungia kabatini, funguo akatia mfukoni. Jioni marehemu alizidai.

"Dada, usituaibishe. Wageni wakiondoka utameza."

Wageni walilala hapo hapo. Marehemu hakutaka kumharibia binti siku yake, akavumilia. Asubuhi alidai tena, akajibiwa vilevile. Binti alikuwa jikoni, akasikia yote, naye ndiye aliyemweleza baba yake. Mchana marehemu alianguka, na safari hii kifafa hakikumwachia. Alifariki njiani kuelekea hospitali, dawa zake zikiwa kabatini. Hiyo si kazi ya Mungu. Ni aibu ya ndugu zake iliyomuua, na inatia hasira.

Ameacha mume, kaka mkubwa, mdogo mmoja, na binti huyo, ambaye naye ana kifafa. Jana kaka mkubwa alimwambia afiche dawa zake leo, kwa kuwa wakwe wapo. Ni kweli wapo, safu ya mbele, karibuni sana.

Saa yake ya dawa imefika. Asimame. Fundi ampe maji. Tumngoje ameze kwanza, mbele ya watu wote, ndipo tumwombee shangazi yake apumzike kwa amani.