Mashine Iliyoniita Mwizi Mbele ya Kanisa

Atukuzwe Bwana, ndugu zangu, Yeye anayewatambua walio wake hata sura zao zikibadilika!

Katika miaka ya vita nilirudi mjini Kindu, huku Kongo, kwa miguu kutoka kijiji cha Tunda, nimekonda, ndevu zimenifunika. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitazama picha ya kitambulisho changu, akanitazama mimi, akadai nimeiba karatasi ya mtu. Alikuwa amekwisha kunikamata kola. Mama Zaina, jirani yangu Mwislamu, akapaza sauti: "Mumuachilie! Njo Mwalimu wetu. Nyama ya mwili imeisha, lakini mutu njo yeye!" Yaani ndiye mimi, nami nikapona.

Sikudhani ningeitwa mwizi tena, safari hii na kompyuta yangu mwenyewe!

Umeme uliunguza ubao wake mkuu wa ndani, unaounganisha sehemu zake zote. Fundi akaweka mwingine. Jumapili, kompyuta ikimulika somo ukutani kwa projekta, nikifundisha amri ya "Usiibe", maneno yakatokea ukutani mbele ya kanisa zima: mfumo huu si halali. Ndugu zangu, watu walicheka! Mfumo ule wa kuendeshea kompyuta niliununua kwa haki, na leseni yake iliruhusu kuhamishiwa ubao mpya. Ni sheria gani inayomhukumu mwenye nyumba kwa kuwa amebadilisha mlango uliooza? Nakasirika hata sasa!

Baada ya ibada Bahati, mwenye duka la simu, akanivuta kando. "Mwalimu, lete nikuvunjie kufuli ya huo mfumo. Kindu yote njo vile tunafanya. Mungu hana shida na kompyuta!"

"Bahati, nikikubali, uongo wa mashine utageuka kuwa kweli."

Nikaomba kwa uchungu. Sauti ya Mama Zaina ikanirudia: mutu njo yeye! Ndipo nikakumbuka kwamba, kabla ya kumpelekea fundi kompyuta, nilikuwa nimeifungamanisha leseni na akaunti ya mtandaoni yenye jina langu. Nikaunganisha intaneti, nikaingia kwa jina hilo, nikaeleza kwamba kifaa kimebadilishwa karibuni. Mashine ikasita, ikazunguka, kisha ikakiri: mfumo huu ni halali. Haleluya!

Jumapili iliyofuata nikairudisha ukutani amri ileile. Bahati akapiga kelele toka nyuma: "Leo Mwalimu si mwizi tena!"

"Hata siku ile sikuwa mwizi!" nikamjibu, na kanisa likasema amina.

Namshukuru Bwana. Nawe unayeshtakiwa kwa kilicho chako, usivunje kufuli ili upate amani. Mtegemee Yeye. Aliyenitetea kwenye kizuizi kwa kinywa cha jirani hatanyamaza juu yako.