Keki ya Parachichi Iliyonibakiza Suma

Nawashukuru mlionisimamisha hapa nitoe ushuhuda, na namshukuru Mungu aliyenifikisha leo nikiwa bado na sauti. Wengine wenu mmeisikia habari yangu vipande vipande, kisimani na njiani mkitoka gulioni. Leo naileta nzima. Majina sitataja, kwa sababu wengine waliokuwemo ni majirani zenu, na tulishasameheana.

Mimi ni mzaliwa wa Mpuguso, nikaolewa Suma. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma Mbeya mjini, nami nilipika katika kantini ya shirika hilohilo. Wakija wageni wakubwa, keki niliioka mimi. Kisha ikaja ile miaka ya mashirika kuuzwa. Tulikusanywa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Ndugu zangu, nawaambia, mpaka siku ile neno hilo nilikuwa nalijua kwa matawi tu.

Tukarudi Suma, nyumbani kwa baba yake. Mume wangu hakuzoea. Asubuhi alivaa viatu vya kazini, akakaa kizingitini akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Ugonjwa ulipokuja ulimkuta ameshachoka. Tulimzika mahindi yakiwa bado machanga.

Hapo ndipo nilipoanguka. Msiba ulipokwisha shemeji zangu walianza kunong'ona, baadaye wakaacha hata kunong'ona. Walisema nirudi kwetu na watoto wabaki, maana watoto ni wa ukoo. Mmoja alisema mwanamke aliyezoea mjini hawezi jembe, atakuwa mzigo tu. Mama wenzangu, mtu anaweza kunyang'anywa nyumba akaishi. Lakini watoto wangu walifikia hatua kwamba nikiinuka kwenda shambani tu, wananiuliza kama nitarudi.

Neno la mwisho lilikuwa la baba mkwe, naye hakusema kitu. Walimu mliotoka mikoa mingine, niwaeleze kidogo. Kwetu, hasa kwa wazee wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani, naacha njia, naingia migombani, najifunika khanga mpaka apite. Kwa hiyo mtu aliyeshika maisha yangu mkononi nilimjua kwa kikohozi, na kwa fimbo yake ikigonga mawe. Sasa ningemwombaje? Hata kumpigia magoti kungekuwa kumvunjia heshima.

Na yeye mwenyewe alikuwa anakwisha. Tangu amzike mwanawe alikataa chakula. Mama mkwe alimpelekea ndizi za maziwa, akazirudisha. Akampelekea uji, akaurudisha. Siku moja mama akaja jikoni kwangu, akaweka bakuli chini, akasema, "Mkamwana, huyu anamfuata mwanawe." Akalia bila sauti, nami nimeushika mgongo wake.

Nikataka kumwokea keki. Msinicheke. Nilikuwa natafuta kitu ambacho mikono yangu inakijua. Na keki hulainika ndani ya maziwa. Mtu asiye na hamu anaimeza kabla hajakumbuka kukataa. Unga wa ngano na sukari vilikuwa vimebaki kutoka msibani, mayai tulikuwa nayo. Siagi ndiyo haikuwepo. Maduka ya Tukuyu yalijaa makopo yake, maana miaka ile kila kitu kilikuwa kimerudi madukani, isipokuwa sisi wanunuzi.

Nikatoka nikasimama penye banda la nguruwe. Mama alikuwa amewamwagia maparachichi yaliyodondoka. Mnakumbuka wenyewe, enzi zile hakuna mnunuzi aliyeyafuata huku. Yalioza chini ya miti, na mengine yalikuwa ya nguruwe. Nikawatazama wanavyokula. Midomo yao iling'aa mafuta. Nikajiuliza, kumbe mafuta ninayoyalilia si ndiyo haya?

Keki ya kwanza watoto waliikataa. Ilikuwa ya kijani kama jiwe la mtoni, na chungu, kwa sababu moto ulikuwa mkali, na parachichi halipendi kuunguzwa. Ya pili nilichagua parachichi lililoiva bila kovu, nikaliponda na sukari mpaka halikuwa na donge, nikakamulia limau, nikatia ndizi mbivu. Makaa ya chini ya sufuria nikayapunguza, ya juu ya mfuniko nikayaacha. Ikaumuka. Ukijani haukuisha wote, lakini harufu yake iliwatoa watoto uani wakaja kujibana mlangoni. Nikamwambia mama kilichomo. Akaonja, akaonja tena.

"Nguruwe watatushtaki," akasema. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

Akampelekea. Bakuli lilirudi tupu.

Basi nikaendelea. Siku nyingine keki, siku nyingine parachichi lililopigwa kwa maziwa na asali, zito, la kulambwa kwa kijiko. Kikohozi kikaanza kusikika uani, baadaye njiani. Nikarudia kukimbilia migombani, na safari hii nilikimbia kwa furaha.

Lakini wifi yangu mmoja aliona maganda jikoni. Habari ikawafikia kaka zake kwamba mjane anamlisha baba chakula cha nguruwe. Wakaitisha kikao uani. Mimi nisingeweza kukaa pale, kwa kuwa mzee alikuwepo, hivyo nilikaa jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi, watoto ubavuni, furushi langu nimeshalifunga. Shemeji mkubwa aliongea kwa kirefu. Alisema nimemdhalilisha baba yao, na kwamba kesho yake angenirudisha Mpuguso yeye mwenyewe, peke yangu.

Fimbo ikagonga chini.

"Nguruwe wangu wote wamenona," mzee akasema. "Aliyekuwa anakufa njaa hapa ni mimi. Ninyi mliniletea nini?"

Nikasikia mtu anakohoa, mwingine anasogeza kigoda.

"Mwambieni aliye nyuma ya ukuta," mzee akaendelea, na sauti aliipandisha ili nisihitaji kuambiwa, "hapa ni kwake. Watoto wake hawatenganishwi naye. Na ile ya jana ilipungua sukari."

Nilicheka na kulia, khanga nimeiuma. Mama mkwe aliingia, akapiga magoti, akalifungua furushi langu yeye mwenyewe.

Nikabaki. Nililima, nikaoka keki za kipaimara na za harusi, kutoka Suma mpaka Kyimo, na watoto wangu walikulia kwao. Namshukuru mama yule aliyebeba bakuli. Ndaga, mama. Na mzee, huko aliko, namshukuru kwa sauti, jambo ambalo hapa duniani sikuruhusiwa kulifanya.

Ila niwaachie hili. Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba mzee hakutaka niondoke tangu siku ya mazishi. Alidhani najua. Mila ilimkataza kunitazama, lakini haikumkataza kunitetea, na mimi nilikonda kwa kulisubiri neno ambalo yeye alishalisema moyoni mwake.

Baba zangu, na kaka zangu mlioketi upande ule: kama nyumbani kwenu yuko mke wa marehemu, na ninyi mmeshaamua kwamba atabaki, msingoje kikao. Mwambieni leo mkifika. Yeye hajui. Yuko jikoni, anafunga furushi.