Zablon Sifuna, Tarishi Aliyekataa Kaptula, 1922–1976

Mpendwa wetu Zablon Sifuna alizaliwa mwaka wa 1922 karibu na Kimilili, mtoto wa tatu wa Mzee Wekulo na Mama Nasambu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hivi kwamba majirani walimletea barua zao awaandikie. Baba yake alipofariki mwaka wa 1938, aliacha shule akalima na kaka zake.

Mwaka wa 1944 alifika Nairobi akaajiriwa tarishi katika ofisi moja ya bima pale Delamere Avenue, kama ilivyoitwa wakati huo. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua posta, benki na mahakamani. Sare ya matarishi ilikuwa shati na kaptula ya kaki, hata kwa aliyekuwa na wajukuu. Marehemu alitoka nyumbani kila asubuhi na suruali ndefu iliyopigwa pasi, akaivulia katika stoo ya ofisi, na jioni akarudi nayo. Watoto wake hawakuwahi kumwona na kaptula hata siku moja.

Alifunga ndoa na Philister Nanjala tarehe 15 Desemba 1951. Waliishi Kabiria, pembeni mwa Nairobi, wakajaliwa watoto watatu: Rael, Peres na Wafula. Wanaomfahamu Mama Philister wanajua marehemu hakuwahi kumwita kwa jina tu mbele ya watu. Alimwita "mwenye nyumba", naye Mama alijifanya kukasirika.

Yaliyotokea mwaka wa 1964 familia iliyajua nusu tu. Nusu ya pili tumeipata Jumamosi iliyopita kutoka kwa Mzee Mutiso, aliyekuwa tarishi mwenzake, na tumemwomba ruhusa tuyaseme hapa.

Jumanne tarehe 9 Juni, wawili hao walikuwa wakitoka posta na barua za ofisi. Akina mama wa kanisa kutoka Kimilili, waliokuja kwa mkutano, walikuwa wakitembezwa mjini. Kwenye kona, marehemu alikutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Kwetu mkwe haonyeshwi hata goti. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitambaa, akageukia ukuta, akasimama hivyo hadi mkwewe alipopita. Mzee Mutiso anasema walipofika ofisini marehemu aliziangusha barua kwenye ngazi.

Jioni hiyo alipitia Bazaar Street kwa fundi cherehani, Bwana Navin, akashonewa suruali ndefu ya kaki ileile ya sare. Kesho yake akaenda nayo kazini.

"Sifuna, hii nini? Kaptula iko wapi?" meneja akamuuliza mbele ya makarani.

"Iko stoo, bwana."

"Enda vaa."

"Sitavaa tena, bwana. Mimi ni mtu mzima."

Meneja alitaka kujua nani amemfundisha maneno hayo. Marehemu hakumtaja mama mkwe. Hilo halisemeki mbele ya watu. Siku hiyohiyo aliachishwa kazi, baada ya miaka ishirini. Nyumbani nako hakueleza. Tulichojua ni kwamba kazi ilipotea kwa sababu ya suruali, na wengi tuliona ni kiburi.

Bwana Navin alimpa kazi ya kupiga pasi, kisha akamfundisha cherehani. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, ile ofisi iliwapa matarishi wote suruali ndefu. Marehemu hakuitwa. Mzee Mutiso alipopata yake ilikuwa ndefu mno, akaipeleka kwa Bwana Navin, na aliyempima na kukunja pindo ni marehemu mwenyewe. "Akaniambia, 'Imekukaa vizuri, Mutiso.' Mimi nilishindwa kumwangalia," Mzee Mutiso alitueleza.

Bwana Navin na familia yake walipohamia Uingereza mwaka wa 1968, alimwachia cherehani moja. Marehemu akafungua duka lake Kabiria. Vijana waliokuwa wakienda kutafuta kazi za ofisi walikuja kwake kutoka Kawangware, Riruta hata Woodley. Hakumruhusu mtu aondoke kabla ya kukaa kwenye kiti. "Keti kwanza. Ofisini utakaa mchana kutwa, suruali ikikubana utaonekana mgonjwa." Wasichana aliwapandisha na kuwashusha ngazi ya jirani, sketi ionekane kama inaruhusu hatua.

Mwaka wa 1975 alianza kuumwa koo. Madaktari waligundua ni saratani. Kuanzia Julai mwaka huu sauti ilimtoka kabisa, akawa anaandika kwenye karatasi kwa ule mwandiko wake. Aliaga dunia hospitalini Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1976, saa tatu asubuhi, Mama Philister akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Philister, watoto Rael, Peres na Wafula, wajukuu wawili, na dada yake, Mama Khisa wa Kimilili, ambako marehemu atalazwa kesho.

Anayesoma maneno haya ni Rael. Mwaka wa 1965 nilikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo ya shule, nikamuuliza baba kwa hasira: "Wenzako bado wako kazini. Wewe ulikuwa unataka nini?" Akanijibu, "Nilitaka suruali, mama." Nilicheka, na si kicheko kizuri. Hakunikaripia. Jumapili zote za hospitali nilikaa kando ya kitanda chake, karatasi na kalamu vikiwa hapo, na sikumuuliza tena.

Baba, nimeelewa Jumamosi, nawe ulikwenda Alhamisi. Nisamehe. Mungu akupe pumziko la amani.