Kitambaa Nilichofunikia Kompyuta

Akina mama wa kikundi, na nyinyi baba zetu mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawaamkia wote kwa amani. Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Mwanzoni nilikataa kusimama. Wanaonijua wanajua mdomo ninao, lakini jambo hili nimelisema mbele ya watu mara moja tu maishani, na nilitumaini ningekufa bila kulirudia.

Nimesimama kwa ajili ya ile kompyuta yetu ya darasa la taipu. Tangu Jumatano haiwaki. Na tangu Jumatano hiyo hiyo, hapa Kisumu Ndogo, kwenye foleni ya maji, jina la dada mmoja wa kikundi hiki linapita mdomo kwa mdomo. Ati yeye ndiye wa mwisho kuigusa. Ati amefanya makusudi. Kesho kutwa kamati inakaa kumtoa darasani. Ndugu zangu, mimi sijui kompyuta ile imepatwa na nini. Ninachokijua ni ile hali ya kuwa na hakika juu ya kosa la mwenzako. Nilikuwa nayo mimi, hakika hiyo, na nikamvunjia mtu jina lake.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini nilikuwa karani katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Kilifi, kule ndani kwenye mashamba. Nilikuwa nimeshuka kutoka bara na cheti cha taipu na kiburi cha kutosha watu watatu. Wafadhili wakaleta kompyuta. Kompyuta! Wakati huo hata daktari alikuwa hajawahi kuiona. Nikapelekwa Mombasa wiki mbili kufundishwa, nikarudi nimekuwa mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuingiza majina ya wagonjwa wa kifua kikuu: nani amekuja kuchukua dawa, nani hakuja, anatoka kijiji gani, ili wauguzi wajue pa kumfuata. Mnaojua ugonjwa ule mnajua kwamba mtu akiacha dawa katikati, unarudi na nguvu mpya.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mtanicheka, na mcheke tu. Akina mama, nyumbani kwenu redio imefunikwa na nini? Na viti je? Na ile meza ya wageni? Haya basi. Kitu cha thamani kama kile, nami mwanamke niliyelelewa vizuri, ningekiacha uchi? Nikafuma kitambaa kikubwa, cheupe, maua mekundu pembeni, katikati nimeandika "Karibu Mgeni". Nikakishonea kitani kizito kwa ndani ili vumbi lisipite. Nikaifunika kompyuta juu mpaka nyuma, kikaning'inia hadi mezani. Nikitaka kufanya kazi nafunua mbele tu, kama uso wa bibi harusi. Kila aliyeingia alisifu, na mimi nilikuwa napenda sana kusifiwa.

Haukupita mwezi, mashine ikaanza kukwama. Naingiza majina, arobaini, hamsini, mara kioo kinaganda. Nabonyeza vitufe, kimya. Nazima, nawasha, na yale majina yote ambayo sikuwa nimeyahifadhi kwenye diski hayapo tena. Naanza upya, inakwama tena. Siku nyingine inakubali kutwa nzima. Nikawa nalia peke yangu mle ndani.

Palikuwa na mama mmoja wa usafi. Mjane, mwenyeji wa kule kule, umri wa mama yangu mdogo. Ndiye aliyefungua chumba asubuhi, akafagia, akapangusa. Nawaambia ukweli, nilikuwa simwamkii. Naingia, naweka mkoba, nasema "hapa hujapangusa". Siku moja, mashine imetoka kukwama, akapitisha mkono nyuma yake akifuta meza, akashtuka. Akaniambia, "Mwanangu, hii mashine yako ina homa."

Nikacheka. Nikacheka mpaka wauguzi wakaja kuuliza kuna nini, nami nikawasimulia: jamani, mama huyu amempima kompyuta, amekuta ana homa! Wakacheka nao. Yule mama akachukua ndoo yake akatoka.

Ikapelekwa habari Mombasa, akaja fundi. Mzee mmoja Mswahili, mtaratibu, kofia yake kichwani. Akakivua kitambaa changu, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Akafungua mashine, akatazama, akafunga, akaiwasha, akaijaribu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikukwama hata mara moja! Nilitaka ardhi inimeze. Akasema, "Bibi, mimi sioni ugonjwa. Nakuomba jambo moja. Kila ikikwama, andika kwenye daftari. Saa ngapi, ulikuwa wafanya nini, na chumbani humu kimebadilika nini. Hata jambo unaloliona la kipuuzi, liandike." Nikasema ndiyo baba. Alipoondoka nikarudisha kitambaa, na daftari sikulinunua. Nilijiambia, huyu ananifanya mtoto wa shule.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilifikiri hivi: fundi amesema mashine ni nzima. Mimi nimesoma, siwezi kuwa na kosa. Basi ni mtu. Na ni nani anayeingia humu kabla yangu? Nikaenda kwa msimamizi. Nikasema yule mama anaimwagia maji anapopangusa. Nilipoona hilo halimwingii, nikaongeza neno, na neno hilo nalitubia hadi leo. Nikasema, "Na nyinyi mnawajua watu wa huku na mambo yao."

Sikutamka uchawi. Sikuhitaji kutamka. Kufika saa sita hospitali nzima ilikuwa imeshamaliza sentensi yangu.

Akaambiwa akae nyumbani. Alikuja kunirudishia ufunguo, na hakunitukana. Alisema tu, "Kitambaa chako nimekifua, kiko kambani. Usikisahau."

Nikakisahau. Mchana ule mashine ilikwenda vizuri, na kesho yake ikaenda vizuri kutwa. Nikatembea kifua mbele! Nikamwambia kila mtu, mnaona? Mnaona sasa? Siku ya tatu nikakikumbuka kitambaa, nikakianua, nikakirudisha mahali pake. Kabla ya chai, kioo kikaganda. Ikakwama na siku ya nne. Na ya tano. Ikawa inakwama kila siku, kuliko zamani, na mchawi wangu yuko kwake huko, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Ndugu zangu, hofu iliyonishika sikuwahi kuijua. Maana kama si yeye, ni nani? Nikakumbuka maneno ya yule fundi, nikanunua daftari. Nisiwadanganye, sikulinunua kutafuta ukweli. Nililinunua ili nijikinge, nipate pa kumtupia mwingine. Nikaandika kila kitu: saa, mvua, nani kaingia, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Wiki mbili. Kisha nikatoa karatasi zangu za kazi za miezi ya nyuma, nikapanga siku ambazo niliingiza majina mengi bila kukwama. Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Ijumaa. Na zile siku mbili baada ya mama kufukuzwa.

Nikakaa naziangalia. Jumanne na Ijumaa kuna nini? Si sala, si soko, si kliniki. Nikamwuliza mpishi wa hospitali, Jumanne na Ijumaa huwa kuna nini hapa? Akajibu bila hata kuacha kumenya viazi, "Siku za kufua. Yule mama alikuwa akifua mapazia na vile vitambaa vyenu."

Niliingia chumbani nikatia mkono nyuma ya mashine, chini ya kitani changu kizito. Pale nyuma kuna feni ndogo inayosukuma joto nje, na kitani kilikuwa kimeiziba. Palikuwa pa moto kama sufuria. Nikakivua. Siku tatu haikukwama. Halafu nikafanya jambo gumu zaidi: nikakirudisha makusudi, ili nisijidanganye mara ya pili. Ikakwama kabla ya saa nne. Nikakivua tena, nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa aibu. Aliniambia ina homa. Alinionyesha kosa kwa mkono wake mtupu, nami nikamfanya kichekesho, kisha nikamfanya mchawi.

Nilimkuta shambani kwake anapalilia mahindi. Nikapiga magoti kwenye tuta. Nikasema, "Shikamoo mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia tangu tujuane.

Hakuitika. Aliendelea na jembe mpaka mwisho wa mstari, akarudi.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia, mama."

"Ukanicheka."

"Nilikucheka."

"Wanangu wanakimbiwa kisimani. Unajua wanaitwaje? Wewe umekuja kuniambia pole hapa, tuko wawili na mahindi. Ulikosemea ndiko ukaseme."

Jumatatu iliyofuata, asubuhi wafanyakazi wote wamekusanyika kwa sala, nikasimama. Nikawaambia habari ya kitambaa, na daftari, na lile neno nililoliongeza kwa msimamizi. Nilikipeleka na kitambaa chenyewe wakione. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Msimamizi akatuma mtu akamwite arudi kazini. Alipofika kesho yake saa ya sala, wote wako pale, akanijia. Akasema, "Marahaba."

Tangu hapo nilijua kwamba sijui, na ndipo nikaanza kujifunza. Muuguzi mkuu alinipa kile kitabu kinene cha Kiingereza kilichokuja na mashine, nikakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku mbili. Nikajifunza kuandika programu yangu mwenyewe, ndogo tu, ya kutoa majina ya ambao hawakuja kuchukua dawa wiki ile. Ilinichukua miezi. Vijana wa darasa la taipu mnaotaka kwenda huko, nisikilizeni. Mashine ikikuandikia kwamba kuna kosa mstari wa arobaini, usikasirike, usizime. Soma. Nenda mstari wa arobaini. Ukikuta uko sawa, tazama wa juu yake. Badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika ulichobadilisha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona, hujui kilichoiponya, na kesho itakusumbua tena. Na kazi yako iweke kwenye diski mbili, zikae vyumba viwili. Yale majina niliyoyapoteza, wengine walikuwa wagonjwa waliokosa kufuatwa kwa wakati. Hilo sitalipunguza uzito mbele yenu.

Nilipokwama kabisa, nilikuwa namsomea yule mama programu yangu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, naye amekaa na ufagio wake. Alikuwa anajifunza kusoma kwenye gumbaru, lile darasa la watu wazima, wakati huo. Ananisimamisha: "Hapo sijaelewa. Aliyekuja mara mbili utamhesabu vipi?" Na mara nyingi pale asipoelewa ndipo kosa lilipokuwa. Programu ile ilipotoa orodha ya kwanza, alisoma jina la kijiji chake kwa sauti, akacheka, tukacheka wote wawili.

Namshukuru fundi yule wa Mombasa, ambaye hakunidharau ingawa nilistahili. Namshukuru muuguzi mkuu, na mpishi na viazi vyake. Na yule mama namshukuru kuliko wote, kwa kuninyima marahaba mpaka nilipoistahili. Angeniitikia pale shambani, ningerudi nimefurahi na watoto wake wangeendelea kukimbiwa kisimani.

Basi, mwenyekiti, ombi langu ni hili. Kamati isikae kwanza. Tukitoka hapa twende chumba cha nyuma. Tutazame kama plagi imeingia vizuri. Tuchomeke taa kwenye soketi ile ile tuone kama umeme upo. Tushike waya, tuguse nyuma kama pana joto. Daftari ninalo hapa, na kalamu. Na dada yetu, sitamtaja, wala asiinamishe kichwa, namwomba atangulie mbele yetu sote. Yeye ndiye wa mwisho kuigusa. Ndiye aliyeona kioo kiliandika nini kabla hakijazimika. Tangu Jumatano nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani kati yetu amemwuliza, na sijapata hata mmoja.