Hadubini Zilizopelekwa Malishoni

Mgeni rasmi, Profesa Yusta Respicius, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utafiti. Mkuu wa Kampasi. Wahadhiri, wanafunzi, wastaafu, na majirani mlioletwa na harufu ya pilau: mwangaluka!

Sisi watumishi na wastaafu wa Maabara ya Pamoja ya Utafiti, kampasi ya Bariadi, tunaapa mbele yako kwamba kila kilichomo humu ni kweli tupu. Tunaapa mapema kwa sababu risala hii imeandikwa na Mzee Bundala, mtunza stoo wetu mstaafu. Hakusomea stoo wala uandishi, vyote alijifundisha mwenyewe, na mji mzima unajua anavyopenda kutia chumvi. Safari hii kamati ilikaa naye meza moja na kumnyang'anya kopo la chumvi.

KARIBU

Mgeni rasmi, tulikuwa na risala nyingine, tamu, yenye maneno kama "miundombinu wezeshi". Tuliichana asubuhi hii, ulipotoka chumba cha hadubini. Kwa faida ya waliokuwa nje, tueleze kilichotokea.

Mezani palikuwa na hadubini sita kwa mstari, kila moja imefunikwa kava lake. Ukasema, "Mbona zimetulia hivi?"

Mzee Bundala akadakia, "Zinapumzika, mayu. Jana zimefanya kazi mno."

Ukafunua ya kwanza usome namba yake. Boga. Ukafunua ya pili. Boga. Ya tatu ilikuwa kibuyu cha maziwa, maana sokoni maboga ya kimo kile yalikuwa yamekwisha.

"Mzee, hadubini za chuo ziko wapi?"

"Ziko malishoni, Profesa."

Hukucheka. Ulisema makao makuu wameagiza kila kifaa kisichotumika huku kihamishwe, na gari la kubebea umekuja nalo. Kisha ukasema, "Niandikieni ukweli wote kwenye risala. Nikishaisikia, nitaamua." Basi ukweli wenyewe ndio huu.

HISTORIA

Zamani kila idara hapa ilijifungia vyake. Watu wa malaria walikuwa na friza ila hawana hadubini. Watu wa kichocho walikuwa na hadubini ila hawana friza. Watu wa lishe walikuwa na funguo tu. Chuo kikaona aibu, kikakusanya vyote jengo moja, mwenye utafiti wowote aje atumie. Funguo akapewa Mzee Bundala.

Kuhusu friza hilo, Mzee aliandika kwamba nzi aliingia humo akatoka amevaa sweta. Kamati imefuta. Tunasema tu kwamba lina baridi sana. Ila hili la kweli halifutiki: mtu mmoja alificha sato wake wa Nassa katikati ya sampuli, na Daktari Tumsifu wa malaria alipofungua droo akakuta macho mawili yanamtazama. Tangu hapo samaki ni marufuku.

Sasa hadubini. Watafiti wakimaliza msimu wao wanarudi makao makuu, nazo zinabaki zinakula vumbi miezi na miezi. Wakati huohuo Nyanjige, anayepima wagonjwa kwenye zahanati moja upande wa Nassa, alikuwa anakuja hapa kwa basi na chupa za mkojo wa watoto, atafute mayai ya kichocho. Basi likiharibika njiani, na sampuli zinaharibika. Siku moja alifika jioni, chupa zote zimechacha, akakaa kwenye ngazi za stoo.

"Baba, watoto wanakojoa damu, nami kipimo changu kinategemea tairi la basi."

Mzee Bundala ni mtu aliyekulia zizini. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote boma moja. Anawagawa kwa jamaa na majirani. Anayetunza anakunywa maziwa, ndama wanabaki kuwa wa mwenye ng'ombe, na ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi mali yote. Akafungua kabati, akaikabidhi hadubini moja kwa Nyanjige kwa masharti yaleyale: kupima wagonjwa ndiyo maziwa, unywe; vioo vya sampuli, bila majina ya watu, ndiyo ndama, virudi chuoni.

Ruhusa hakumwomba mtu. Ng'ombe hawaombewi ruhusa ofisini.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ya kwanza ilipozaa, nyingine zikafuata: zahanati ya Nyashimo, na nyingine tatu za vijijini. Upande wa Nassa mtoto sasa anapimwa asubuhi na kumeza dawa kabla mama yake hajarudi shambani. Na wataalamu wa kichocho, ambao zamani walizunguka ufukweni wiki nzima kutafuta sampuli, wanazikuta zimepangwa kwenye maboksi hapa stoo. Daktari Salu, mmoja wao, aliuliza, "Mzee, hizi zote zimetoka wapi?"

"Zimezaliwa, daktari."

Akadhani ni utani wa mzee, akazichukua akaendelea na kazi. Utafiti wake umesimama juu ya ndama hao.

CHANGAMOTO

Ng'ombe hana namba ya mali ya umma. Hadubini inayo. Tuliposikia unakuja, Mzee Bundala aliona meza tupu, akajiona na yeye yuko mahabusu, akakimbilia sokoni. Hakuwaza kwamba kitu kilichofunikwa vizuri na kutulia mezani ndicho hasa ulichotumwa kukibeba.

Specioza, fundi sanifu wetu anayekusomea risala hii, alimwambia wazi: "Mzee, ulikuwa unampakilia mgeni gari lake."

"Maboga yameniponza, mwanangu."

"Usiyasingizie maboga. Yenyewe yalikuwa yamekaa sokoni kwa heshima zao."

Changamoto nyingine ni umeme wa friza, lakini leo tuna aibu ya kuomba jenereta.

MAOMBI

Tunaomba hadubini tano zilizoko zahanati zibaki huko, na utupatie karatasi halali ya kuziazima, ili Nyanjige asiifiche yake chini ya meza kila likipita gari la serikali. Ya sita iko kwa fundi huko Binza, inabadilishwa kioo.

Na tunaomba, Profesa, kwa unyenyekevu kabisa, Mzee Bundala asishitakiwe. Alikosea njia. Watoto aliowakusudia hakuwakosea. Ukiona lazima abebwe mtu na gari hilo, tupande sote, maana wote tulijua, na wote tulishika maboga kuyapima kimo.

HITIMISHO

Risala ilitakiwa iishie hapo. Aya zinazofuata Specioza ameziongeza kwa kalamu, kwa sababu tulipoisoma kwa majaribio, mke wa Mzee, Mama Mhoja, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Fundi gani wa Binza? Iko juu ya kabati langu la vyombo! Kila nikitaka sufuria naihamisha."

"Mama Mhoja, mbele za watu..."

"Na kuchungulia nayo maziwa ya jirani kama yametiwa maji, huwa unachungulia mbele za nani?"

Mzee Bundala alitazama chini. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kwamba tangu astaafu hakuna kitu cha maabara kilichobaki cha kumshika mikono, na kwamba alitaka moja tu alale nayo nyumba moja. Kamati ilimhurumia. Halafu ikamtoza faini ya kondoo dume, na kumtuma akailete.

Amerudi sasa hivi. Kondoo ameshakabidhiwa jikoni, na Mzee amekunja magoti nyuma ya turubai asionekane. Hadubini hiyo hapo mbele yako, Profesa, kioo chake kizima kabisa. Kuna zahanati ya Maswa inayoisubiri, na kuna gari lako pale nje. Tumemaliza ukweli wetu wote.

Mungu akupe afya na safari njema, akulainishie moyo kabla ya mlo na si baada yake.

Ni sisi,
Watumishi na Wastaafu wa Maabara ya Pamoja ya Utafiti, Bariadi.