Tingatinga na Friji la Ghorofa ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira, na sitaificha. Tunamkumbuka Tingatinga, mbeba vyombo. Amefia ngazini, chini ya friji. Narudia: ngazini, chini ya friji, pamoja na mwili wote ule.

Na tangu jana mnanipigia simu mkicheka. "Misuli yote ile, kashindwa na friji!" Jamani, hamna haya?

Tingatinga alianza jimu akiwa mwembamba kama ufito. Dada yake, mshonaji, ndiye aliyempanulia mashati. "Kila mara analeta shati, dada nifungulie mabega," anasema. "Namwambia, mdogo wangu, mwisho utavaa pazia. Anacheka mpaka anakaa chini." Akilala kwenye benchi, alinyanyua chuma ambacho wenzake walikitazama kwa mbali tu. Hapo siongezi chumvi.

Lakini chuma cha jimu kimelingana huku na huku. Sakafu ni tambarare. Ukizidiwa, mwenzako kasimama nyuma, anakipokea. Friji halina adabu hiyo! Linayumba, linateleza, halina pa kushika, na mguu unapapasa ngazi usiyoiona. Nguvu unazo, ila mwili haujawahi kufundishwa kazi hiyo.

Bosi wake, mwenye kampuni ya kuhamisha watu, alijua. Alijua! Wabebaji wake wa zamani hawateremshi friji bila watu wanne na kamba. Na aliye chini ndiye anayeamuru. Akisema tua, wote wanatua. Hayo Tingatinga hakuambiwa. Ilikuwa asubuhi yake ya kwanza kazini. Bosi akamkagua kifua, akasema, "Huyu anatosha watatu." Akampanga chini. Juu akaweka mtu mmoja. Kamba ikabaki garini.

Kwenye kona ya ghorofa ya tatu friji likalala upande. Yule wa juu anasimulia: "Nilimwambia tutue, kaka. Akasema, bado ninalo. Mara akaita, pokea!" Aliita kama alivyozoea jimu. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Na bosi alipofika msibani alisema nini? "Kumbe alikuwa mlegevu." Mbele ya dada yake! Dada akasimama. "Mdogo wangu hakuwa mlegevu. Wewe hukumfundisha." Kisha akamwondolea kiti. Ahsante, dada.

Dada, na familia yote, poleni sana. Tunalia nanyi hapa studio. Nanyi mliocheka, tafakarini mnamcheka nani. Maana asubuhi hii nimepita pale kwenye kampuni. Tangazo limeshabandikwa mlangoni: anatafutwa kijana mwenye mwili. Na vijana wamepanga foleni, wametanua vifua.